Kizibao Kipya, Mazoea ya Zamani

Barua za safari hii zimefuatana kama ndugu. Karibu zote zimetoka kwa watu waliokwishazoea mtindo mmoja wa mashindano ya bastola na sasa wanachungulia mwingine. Wa IPSC (shirikisho la kimataifa la upigaji wa bastola kwa vitendo) anataka kuonja IDPA (chama cha kimataifa cha upigaji wa bastola wa kujihami), wa IDPA anataka IPSC, na mmoja anataka sahani za chuma tu. Ile ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, maana swali lake niliwahi kulibeba mwenyewe kwa miaka kadhaa kabla sijathubutu kwenda kulitafutia jibu.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina miaka mitano kwenye IPSC, divisheni ya Production, yaani ya bastola za kawaida za kiwandani, na napiga mashindano karibu kila mwezi. Rafiki yangu amenialika kwenye IDPA. Natamani kwenda, lakini anayenifundisha amenikataza. Anasema nikizoea kujikinga nyuma ya vizuizi nitakuwa mzito, na kasi niliyoitafuta miaka mitano itapotea. Je, ni kweli mtindo mmoja huharibu mwingine? (Mpigaji wa Production)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nenda.

Lakini kabla hujaenda, elewa anayekufundisha anaogopa nini, kwa sababu hofu yake ina mzizi. Mikono yako haitaharibika. Kuchomoa bastola mkobani, mshiko, kukitafuta kilengeo cha mbele, kuvuta triga bila kuutikisa mtutu, hayo ni yale yale popote uendapo. Kinachobadilika ni bei ya risasi iliyokwenda pembeni. Bei hiyo hulipwa kwa sekunde, kila mtindo una yake, na mwili huizoea bila kukuomba ruhusa.

Niliijua mwaka 2018, kwenye mashindano yangu ya kwanza ya IDPA. Nilikuwa nimepiga IPSC miaka tisa. Kituo cha tatu kilikuwa na shabaha sita za karatasi, risasi mbili kila moja. Nilikimaliza kwa sekunde 8 kamili, na katika kundi letu la watu kumi na mmoja hakuna aliyekuwa amefika karibu. Baada yangu akaingia mama mmoja asiye na maneno mengi. Kipima muda chake kikasoma 9.5. Moyoni nikasema hiki ni changu. Kisha mwamuzi akasoma shabaha. Zangu tatu zilikuwa zimetoka nje kidogo ya katikati. Zake zote kumi na mbili zilikuwa ndani.

Kwenye IDPA, risasi iliyotoka nje kidogo ya katikati inakupunguzia alama moja, na kila alama unayopungukiwa huongezwa kwenye muda wako kama sekunde 1. Kwa hiyo mimi nilikuwa na 8 na 3, jumla 11. Yeye alibaki na 9.5 yake. Alinishinda kwa sekunde moja na nusu kwenye kituo nilichodhani nimekitawala.

Jioni ile nilikaa na kalamu na karatasi, nikazipigia hesabu risasi zile zile kwa kanuni za IPSC. Huko, kama ujuavyo, alama hugawanywa kwa muda. Kwa risasi za nguvu ndogo, ambayo ndiyo pekee inayohesabiwa Production, A, yaani katikati ya shabaha, ni alama 5, C inayoizunguka ni 3, D ya pembeni kabisa ni 1. Nikazichukulia zile tatu zangu kuwa C. Maumbo ya shabaha hizi mbili hayalingani, kwa hiyo ni makadirio, lakini yanatosha. Alama zangu zingekuwa 54. Gawa kwa 8, unapata 6.75. Zake 60, gawa kwa 9.5, unapata 6.32 hivi. Ningemshinda.

Na kuna jambo la tatu lililonifanya niiweke kalamu chini. Kabla ya kanuni za IDPA kubadilishwa mwaka 2017, kila alama iliyopungua ililipwa kwa nusu sekunde. Kwa kanuni ile ya zamani ningekuwa na 8 na 1.5, yaani 9.5. Sare. Watu wawili wale wale, karatasi zile zile, matundu yale yale, na matokeo matatu tofauti.

Sasa chukua hesabu hiyo uisogeze kwako. Tuseme unapiga kwa wastani wa alama 6 kila sekunde. C moja inakupotezea alama 2, yaani theluthi ya sekunde. D inakupotezea alama 4, theluthi mbili. Ukikosa kabisa unapoteza zile 5 na unatozwa 10 juu yake, jumla 15, ambazo ni sekunde mbili na nusu. Kwenye IDPA mizani ni sekunde 1, sekunde 3, na 5 kwa risasi iliyokosa shabaha. Angalia pengo lilipo. Kukosa kabisa kunagharimu mara mbili tu ya ulivyozoea. Kugusa pembeni kunagharimu mara tatu, na pembeni zaidi mara nne na nusu. Kile ulichokuwa ukikiita risasi nzuri ya kutosha ndicho kitakachokumaliza. Mpigaji wa IPSC akienda IDPA mara ya kwanza hujilinda asikose, wakati tatizo lake liko kwenye zile C anazozikubali bila hata kujua kwamba amezikubali.

Hapo ndipo kuna ukweli wa anayekufundisha. Ukikaa IDPA muda mrefu, mwili utajifunza kusubiri kilengeo kitulie hata kwenye shabaha iliyo mita tano. Ilinitokea. Niliporudi IPSC, mashindano ya kwanza nilipiga A nyingi kuliko nilivyowahi kupiga, na nikashuka nafasi. Nilikuwa nasubiri pale ambapo hapakuwa na cha kusubiri. Ilinichukua mashindano mawili kurudi. Lakini nilirudi na kitu nilichokuwa sina, yaani subira kwenye shabaha ngumu. Ile ya mbali iliyofunikwa nusu na shabaha ya kuepukwa, ambayo zamani niliitupia risasi mbili na kukimbia, sasa naisimamia. Kukosa kwangu kulipungua, na hilo limekaa nami mpaka leo. Miaka tisa ya mtindo mmoja haikuwa imenipa, na sidhani ya kumi ingenipa.

Kuna mengine mawili yaliyonigharimu siku ile, na nakutajia ili yasikukute. La kwanza ni magazini. IPSC imekufundisha kwamba miguu ikianza kutembea, mkono unatoa magazini, iwe na risasi au haina, unaiacha ianguke na unaingiza mpya. Mimi niliangusha magazini yenye risasi nne, nikatozwa kosa la utaratibu, sekunde 3. Kwenye IDPA risasi hazitupwi. Ukibadili kabla hazijaisha, magazini ya zamani unaihifadhi, mfukoni au mkandani. La pili ni mstari. Nyuma ya kinga kuna mstari chini, na mguu wako ukigusa ardhi nje yake wakati unapiga, ni sekunde 3 nyingine. Tena shabaha hazipigwi kwa mpangilio utakao. Unajitokeza kidogo kidogo, na unapiga kila shabaha kadiri inavyofunuka machoni. Kwa mtu wa IPSC, aliyezoea kuambiwa shabaha ziko wapi kisha akaachwa atafute njia yake, hili linauma kidogo mwanzoni.

Lisikuudhi. Mitindo hii ilizaliwa ikiuliza mambo tofauti. IPSC ilianzishwa Columbia, Missouri, Mei 1976, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Wito wake ni maneno matatu ya Kilatini yenye maana ya usahihi, nguvu na kasi, nayo inampa mpigaji uhuru atatue kituo kwa akili yake. IDPA ilikuja miaka ishirini baadaye, 1996, ikianzishwa na watu kama Bill Wilson na Ken Hackathorn, waliotaka bastola na mkoba wa kila siku virudi mashindanoni, chini ya nguo, na mpigaji atumie kinga kana kwamba mbele yake kuna hatari. Ukiingia kwa watu hao ukitafuta uhuru wa IPSC utanung'unika siku nzima, na siku yenyewe itakupita.

Ushauri wangu wa vitendo ni huu. Usiende IDPA mwezi mmoja kabla ya mashindano yako makubwa ya IPSC. Nenda msimu ukiwa umelegea, na nenda mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza utapigana na kanuni tu. Kabla ya hapo, weka shabaha tatu mita saba, risasi mbili kila moja, na urudie mara kumi. Kwenye daftari chora safu mbili. Kila mzunguko uuhesabu kwa njia zote mbili, alama kugawa kwa muda, na muda kuongeza alama zilizopungua. Utaona mzunguko ulio bora upande mmoja ukiwa wa sita upande wa pili. Ukishaliona hilo kwa mwandiko wako mwenyewe, mpelekee anayekufundisha. Nadhani atakuachia.

SWALI: Nataka kujaribu IDPA lakini naogopa gharama. Lazima ninunue bastola nyingine na vifaa vyote upya? (Mwenye vifaa vya Production)

JIBU: Hapana, na usinunue chochote kabla hujapiga mara mbili kwa ulivyonavyo.

Bastola nyingi za Production huingia kwenye divisheni za IDPA bila shida. Mbili za kuangalia ni uzito na ukubwa. IDPA ina kikomo cha uzito, na bastola lazima iingie kwenye kisanduku cha kupimia. Zile bastola nzito za chuma, zinazopendwa Production kwa sababu uzito hupunguza teke, ndizo huleta maswali. Pima yako nyumbani, usome kanuni za mwaka husika, na mwulize mwendeshaji wa mashindano kabla ya siku yenyewe.

Risasi zako hazina tatizo. Kipimo cha nguvu cha chini ni 125 kwa Production, na ni hicho hicho kwa divisheni za kawaida za milimita 9 za IDPA. Kipimo ni uzito wa risasi kwa greni, zidisha kwa kasi ya futi kwa sekunde, gawa kwa 1,000. Risasi ya greni 124 inayotoka kwa futi 1,050 inakupa 130.2. Umepita.

Mkoba ndio wa kuangalia. Ukiwa wa kawaida, unaokaa nyuma ya mfupa wa nyonga na unaofunikika, uko sawa. Mikoba ya kasi ya divisheni ya Open, ile ya bastola zilizorekebishwa kwa mashindano, haikubaliki. Kisha unahitaji vazi la kufunika, na wengi hutumia kizibao. Fanya mazoezi bila risasi, bastola tupu kabisa na risasi ziko chumba kingine, ukikitupa kizibao nyuma kwa mkono ule ule unaochomoa. Ukikwama mara moja, kitambaa kinaingia kati ya kiganja na mpini, na hapo acha, anza upya. Usilazimishe. Vidole vikishika bastola na nguo pamoja ni hatari, na nimewahi kumsimamisha mtu kwa hilo kabla hajaitoa mkobani.

SWALI: Mimi ni wa IDPA, napiga kwenye CDP, divisheni ya bastola za .45. Nilijaribu IPSC, divisheni ya Classic. Kituo kimoja kilikuwa na risasi 32. Nilisahau shabaha mbili nzima, nikabadili magazini mahali pabaya, na nikamaliza nikiwa sijui nimefanya nini. Wenzangu wanakumbukaje yote yale? (Niliyepotea kati ya kuta)

JIBU: Ndugu yangu, umetoka mahali ambapo kituo hakizidi risasi 18 na utaratibu unakuambia nini kinafuata. Umeingia mahali ambapo hakuna anayekuambia. Kusahau shabaha mara ya kwanza kwenye kituo kirefu ni jambo la kila mtu. Kila shabaha ya karatasi uliyoiacha ni risasi mbili zilizokosa, na pia kuna adhabu ya kutoishughulikia kabisa, kwa hiyo najua kwa nini ulirudi umevunjika moyo.

Fanya hivi. Ukipewa muda wa kukagua kituo, usianze mahali pa kuanzia. Nenda kwenye shabaha. Simama penye karatasi, geuka, tazama nyuma. Jiulize, kutoka hapa naonekana wapi? Kila shabaha ina dirisha lake, na baadhi zina mawili au matatu. Hapo ndipo utakapogundua kwamba zile mbili ulizoziona kushoto na zile mbili za kulia ni zile zile, au kwamba kuna moja inayoonekana kutoka pembe moja tu, nyuma ya pipa. Hesabu karatasi na vyuma mpaka jumla ikubaliane na idadi ya risasi iliyotangazwa. Isipokubaliana, kuna moja hujaiona. Endelea kutafuta.

Sasa panga magazini. Classic kwa nguvu kubwa inakupa risasi 8 kwenye magazini. Ukianza na moja chembani una 9, kisha 8, 8 na 8, jumla 33. Kwa risasi 32 unabadili mara tatu, na ukikosa mbili tu unahitaji mara ya nne, kwa hiyo beba magazini tano au zaidi. Kanuni ya IPSC hairuhusu kituo kikudai zaidi ya risasi 9 kutoka mahali pamoja. Uzuri wake kwako ni kwamba unaweza kupanga kila badiliko liangukie safarini, kati ya mahali na mahali, ukifika na magazini iliyojaa na moja chembani. Hapa ndipo tabia yako ya IDPA itakuvuta nyuma. Utaona huruma kuitupa magazini yenye risasi tatu. Itupe. Huku hakuna adhabu.

Ukishapanga, simama kando, fumba macho, ukipige kituo chote kichwani, ukiona kila kilengeo kwenye kila shabaha. Usijisimulie kwa maneno. Ione. Mahali picha inapokatika ndipo utakaposahau. Nenda ukasimame hapo tena. Mimi hurudia mpaka picha ipite mara tano bila kukatika, na nikifika zamu yangu nikiwa na nne tu, nakuwa na wasiwasi wa haki.

Na jambo moja ambalo hukuliuliza, lakini litakuuma. CDP inadai kipimo cha nguvu 165. Nguvu kubwa ya Classic kwenye IPSC ni 170. Kama risasi zako umezitengeneza ziwe 166 au 167, zinakubalika kwenu vizuri kabisa, lakini zikipimwa IPSC utahesabiwa nguvu ndogo, na kila C yako itashuka kutoka 4 hadi 3, kila D kutoka 2 hadi 1. Pima kasi yake kabla.

SWALI: Nilikwenda IPSC kwa mara ya kwanza baada ya miaka ya mtindo mwingine. Kituo cha pili nikaenguliwa kwa sababu mtutu ulivuka nyuzi 90 nilipokuwa nikikimbia kushoto. Hakuna aliyekuwa upande ule! Nadhani nilionewa. (Aliyerudishwa mapema)

JIBU: Pole sana. Najua safari ya kurudi mapema ilivyo ndefu. Lakini hukuonewa.

Mwamuzi hatazami kama kuna mtu upande ule. Anatazama mtutu. Kikomo cha nyuzi 90 kipo ili watu waliosimama nyuma wasilazimike kutegemea bahati, na siku yule mwamuzi atakapoanza kupima nani yuko wapi kabla ya kusema simama, atakuwa amechelewa. Nimekuwa mwamuzi kwa miaka saba. Nimewaengua watu ninaowapenda. Mkono wangu hutetemeka kila mara, na sijawahi kujuta hata mara moja.

Tukusaidie usirudie. Wewe ni wa mkono wa kulia, au nakosea? Kukimbia kushoto ukibadili magazini ndio mtego mkubwa wa watu wa mkono wa kulia. Kiuno kinageukia kushoto, kiwiko kinakunjwa kuleta bastola karibu na kifua, na mtutu ambao ulidhani unatazama mbele sasa unatazama ulikotaka kwenda, kisha nyuma kidogo. Hutausikia. Dawa ni kumaliza kubadili kwenye hatua ya kwanza, kabla mwili haujageuka, au kukimbia huku mkono wa kulia umeunyoosha kuelekea tuta la udongo nyuma ya shabaha, ukitazama lile tuta na si inakoenda miguu. Fanya kwa mwendo wa kutembea, bastola tupu, mara nyingi sana. Na kidole, wakati wa kutembea, kubadili magazini au kutatua bastola iliyokwama, kionekane wazi nje ya kikinga cha triga. Hicho ndicho kinachofuata kuwaengua wageni.

Mara nyingine ikikutokea, baki uwanjani. Bandika vibandiko kwenye matundu, okota maganda, tazama wenzako. Umeenguliwa kupiga tu.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mtu mzima, magoti yananisumbua, siwezi tena kukimbia wala kuchuchumaa. Nimesikia kuna mtindo wa kupiga sahani za chuma ukiwa umesimama. Je, utanifaa, au ni wa wale wanaoanza? (Mwenye magoti)

JIBU: Shikamoo yako naipokea kwa heshima hata kama hukuiandika, maana naona kwa mwandiko kwamba huenda mimi ndiye niliyepaswa kukuamkia.

Utakufaa, tena sana, na si wa wanaoanza. Steel Challenge ilianza mwaka 1981, ikianzishwa na Mike Dalton na Mike Fichman. Vituo ni vinane, ni vile vile duniani kote, na kila kimoja kina sahani tano. Ukubwa na umbali wa kila sahani umeandikwa, kwa hiyo muda wako wa leo unaweza kuulinganisha na wako wa mwaka jana, au na wa mtu aliye bara jingine, bila mabishano yoyote. Mimi hilo nalipenda kuliko ninavyoweza kueleza. Kwenye IPSC na IDPA kila mashindano ni mapya. Hapa unajipima na kitu kisichosogea.

Unasimama ndani ya kisanduku kilichochorwa chini. Kila kituo unakipiga mizunguko mitano, mzunguko mbaya zaidi unafutwa, na minne iliyobaki inajumlishwa. Kimoja tu, Outer Limits, kina mizunguko minne na kinakutaka uhame kutoka kisanduku kimoja hadi kingine katikati ya mzunguko. Ni hatua chache. Nimeona wenye magoti mabovu wakizitembea polepole na kulipia sekunde mbili tatu, wakazirudisha kwingine. Ukipiga vituo vyote vinane bila kukosa hata sahani moja utatumia risasi 195, basi beba zaidi.

Kama kuchomoa mkobani nako kunakupa shida ya bega, kuna divisheni za bastola za .22 ambazo huanza bastola ikiwa mkononi, imeelekezwa chini kwenye alama iliyowekwa mbele yako. Teke ni dogo na risasi zake ni nafuu kuliko za bastola kubwa. Watu wengine hudharau .22. Mimi nimejifunza kuivuta triga vizuri kwenye .22 kuliko popote.

Zingatia miwani na vizuia sauti, na nguo ya mikono mirefu ikiwezekana, kwa sababu vipande vya risasi hurudi kutoka kwenye chuma. Anza na Smoke & Hope, ambako sahani nne ni kubwa na zinasamehe, ujue mwendo wako. Kisha kumbuka kwamba moja kati ya zile tano ndiyo inayosimamisha muda, na lazima iwe ya mwisho. Ukiigonga kabla ya nyingine, muda umefungwa, na kila sahani uliyoiacha nyuma ni sekunde 3. Kwa hiyo ukihisi umekosa moja njiani, irudie kwanza, ndipo uende kwenye ile ya mwisho. Risasi ya kurudia hula sehemu ya sekunde tu.